UZI: Kamboja, ufalme uliokufa ukafufuka. Jinsi jina la Sihanouk lilivyotumiwa na kila mwenye bunduki

Nahodha Mstaafu

Wakuu habari za saa hizi. Kwenye ule uzi wa Thailand na Kamboja kutwangana mpakani Julai 2025 watu wengi walikua wanauliza huyu mzee Hun Sen ni nani hasa, si mfalme, uwaziri mkuu kamwachia mwanae, ila ndo anatajwa kuliko wote, na ni yeye aliyeanika simu aliyoongea na waziri mkuu wa Thailand mpaka yule waziri mkuu, binti wa Thaksin aliyewahi kuwa waziri mkuu pia, akapoteza kazi. Jibu lake huwezi kulianzia kwa Hun Sen. Lazima uanze na mfalme, maana Kamboja ni nchi ambayo kwa miaka 80 hivi kila anayeitaka anaenda kwanza kuazima jina la mfalme, akishalipata anamweka mfalme kabatini.

Twende taratibu.

Mwaka 1941 Kamboja ipo chini ya Wafaransa, ila Ufaransa yenyewe kule Ulaya imeshapigwa na Wajerumani, na huku Asia Mjapani kashaingia. Mfalme Monivong anafariki. Kulikua na mtoto wake mkubwa, Monireth, mtu mzima anajielewa, ndo watu wengi walimtarajia. Wafaransa wakamruka. Wakaenda Saigon kwenye shule ya sekondari wakamtoa kijana wa miaka 18 anaitwa Norodom Sihanouk, mjukuu wa marehemu kwa upande wa mama. Hesabu yao ilikua nyepesi tu, dogo anapenda muziki, anapenda filamu, anapenda starehe, tutamwendesha tunavyotaka.

Walipigwa chenga ya mwaka. Yule dogo mwaka 1953 aliwazunguka mpaka basi, akaenda Paris, akaenda Marekani, akawa anatoa mahojiano kwenye magazeti kwamba msiponipa uhuru wananchi wangu wataenda kwa wakomunisti, akarudi akagoma kukaa mji mkuu, na Wafaransa wakati huo wanachapwa Vietnam, hawana nguvu ya kufungua vita ya pili. Tarehe 9 Novemba 1953 uhuru ukapatikana bila vita kubwa.

Sasa hapa ndo utamu ulipo. Katiba ilikua inambana mfalme asifanye siasa za majukwaani. Yeye akafanya kitu ambacho wafalme hawafanyi, Machi 1955 akajiuzulu ufalme, kiti akampa BABA YAKE mzazi, Suramarit, yeye akashuka mtaani kuanzisha vuguvugu lake la Sangkum. Septemba mwaka huohuo uchaguzi ukafanyika, wapinzani wakapigwa, magazeti yakafungwa, Sangkum ikabeba viti vyote 91. Baba alipofariki 1960 hakurudi kwenye kiti, akajitengenezea cheo cha Mkuu wa Nchi, mama yake Kossamak akabaki ikulu kama alama ya kiti cha enzi. Kwa hiyo kwa wanakijiji bado ni mfalme, baba wa taifa, nusu mungu. Kwa katiba ni mwanasiasa. Anakula pande zote.

Naendelea, ngoja nipate chai.

chai_ya_rangi

Nimeweka mkeka kabisa. Mkuu usije ukatuacha njiani kama ule uzi wa Ethiopia.

Kisu Butu

Hivi huyu ndo yule aliyekua anaigiza filamu mwenyewe?

Nahodha Mstaafu

@Kisu Butu ndo yeye mzee baba. Anaandika, anaongoza, anaigiza, mkewe Monique anaigiza, mawaziri na majenerali wanaigiza, helikopta za jeshi zinatumika kama vifaa. Mwishoni mwa miaka ya 60 akaandaa tamasha la filamu la kimataifa Phnom Penh na zawadi ikaangukia palepale nyumbani. Na saksafoni alikua anapuliza vizuri tu. Wengi wanamalizia hapo wanacheka, ila huku akirekodi filamu nchi ilikua inaoza chini kwa chini, na ndo kipande ambacho mimi nakiona muhimu kuliko vyote.

Vita ya Vietnam ilikua jirani. Sihanouk aliapa hatafungamana na upande wowote, mwaka 1963 akakataa misaada ya Marekani, 1965 akavunja uhusiano nao kabisa. Wakati huohuo akawafumbia macho Wavietnam wa Kaskazini na Vietcong, wapiganaji wa kikomunisti wa Vietnam Kusini, wakaweka kambi mashariki mwa nchi yake, na silaha za China zikawa zinashushwa bandari ya Sihanoukville zinapandishwa kwenye malori ya jeshi la Kamboja kupelekwa mpakani, maafisa wakila chao njiani. Mchele wa wakulima nao ukawa unavushwa kimagendo kwenda kwa Vietcong maana walilipa vizuri kuliko serikali. Serikali ikaona inakosa ushuru, ikatuma jeshi kununua mchele kwa lazima kwa bei ya kutupwa. Mwaka 1967 kule Samlaut, mkoa wa Battambang, wakulima wakachachamaa, wakaua askari, na jibu la serikali lilikua la kikatili, vijiji vilichomwa. Wale wakomunisti wachache waliokua porini, ambao Sihanouk mwenyewe aliwabatiza jina la Khmer Rouge, ndo wakapata sababu ya kushika silaha. Lakini walikua wachache, elfu chache tu. Hawakua na uwezo wa kuchukua hata mkoa mmoja. Likariri hilo.

Machi 1969 Rais Nixon wa Marekani akaanza kudondosha mabomu kwa ndege za B-52 mashariki mwa Kamboja kwa siri, Bunge la Marekani lenyewe halijui.

Mtu wa Pwani

Hapo ndo pa kusimama mkuu. Wewe unataka kumbebesha Sihanouk mzigo wa Marekani. Mabomu ndo yaliyozaa Pol Pot, yule mkuu wa Khmer Rouge, hilo halina mjadala. Zaidi ya tani 500,000 mpaka Agosti 1973, juu ya nchi ya wakulima isiyokua hata na jeshi la anga la maana. Mtu ng'ombe wake wamekufa, mtoto kafa, anakuja kijana wa Khmer Rouge anamwambia twende, utakataa?

Nahodha Mstaafu

@Mtu wa Pwani sikatai, mabomu yalifanya kazi kubwa sana na wenyewe Khmer Rouge walikua wanawapeleka watu kwenye mashimo ya mabomu kuwahubiria. Ila ngoja ufike 1970 uone na jina la mfalme lilifanya nini.

Machi 1970 Sihanouk yupo Ufaransa kwa matibabu. Nyumbani kawaacha Jenerali Lon Nol, waziri mkuu, na Sirik Matak, binamu yake wa tawi la Sisowath, tawi la akina Monivong na Monireth, ambalo lilishaona limenyimwa kiti toka ile 1941. Maandamano yakapangwa, balozi za Wavietnam zikavunjwa vioo na kuchomwa nyaraka, wakapewa saa 72 majeshi yao yaondoke nchini, kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili alijua hakiwezekani. Sihanouk badala ya kupanda ndege ya kwanza kurudi Phnom Penh akaenda Moscow akitaka wakubwa wawabane Wavietnam. Inasemekana Lon Nol mwenyewe alikua anasita mpaka dakika za mwisho, Sirik Matak ndo akamshinikiza asaini. Tarehe 18 Machi Bunge likapiga kura kumwondoa. Sihanouk yupo kwenye gari anaelekea uwanja wa ndege wa Moscow kwenda Beijing, pembeni yake kakaa waziri mkuu wa Sovieti Kosygin, na Kosygin ndo anampa habari kwamba huna nchi tena. Hebu fikiria hiyo safari ya ndege mpaka China.

Beijing akapokelewa na waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, kwa heshima zote kama mkuu wa nchi. Na hapa akafanya uamuzi ambao mimi nauhesabu kuwa ndo mkubwa kuliko wote kwenye maisha yake. Angeweza kwenda kula pensheni Ufaransa kama wafalme wengine. Yeye tarehe 23 Machi akasoma tangazo lililorushwa redioni, akawaambia wananchi wake ingieni porini, mpigane. Porini kuna nani? Khmer Rouge! Watu walewale aliokua anawawinda na kuwanyonga miaka miwili nyuma.

Wakulima wa Kampong Cham walitoka na picha zake wakiandamana kuelekea mji mkuu, jeshi likawapiga risasi, na ndugu yake Lon Nol akauawa na umati kulekule. Hao waliobaki wakaenda porini. Hawakumjua Marx wala Mao. Walikua wanaenda kumrudisha mfalme wao! Jeshi la watu elfu chache ndani ya miaka mitatu likawa la makumi elfu.

chai_ya_rangi

Dah. Kwa hiyo Pol Pot kabebwa na mfalme.

Kisu Butu

Na Pol Pot mwenyewe si alitokea familia ya hali ya chini?

Nahodha Mstaafu

@Kisu Butu hapana, hapo wengi wanakosea. Jina lake halisi Saloth Sar, kazaliwa Kampong Thom kwenye familia ya wakulima wenye uwezo, na binamu yake anaitwa Meak alikua mchezaji ngoma wa ikulu na mmoja wa wanawake wa Mfalme Monivong, dada yake Sar naye akaingia ikulu hivyohivyo. Dogo kakulia Phnom Penh karibu na kuta za ikulu, kaenda Paris kwa skolashipu kusomea mambo ya redio, kafeli mitihani, karudi akawa mwalimu shule binafsi anafundisha fasihi ya Kifaransa, na waliosoma kwake walimsifia kwa upole.

Mwaka 1973 Sihanouk na Monique wakapitishwa njia ya Ho Chi Minh, ile njia ya porini ya jeshi la Vietnam Kaskazini, mpaka maeneo ya Angkor, wakapigwa picha wamevaa nguo nyeusi na vitambaa vya shingoni kama wapiganaji, zikasambazwa duniani. Na hakua mjinga, mwaka huohuo alimwambia mwandishi mmoja wa Italia kwamba hawa jamaa wakishanimaliza kazi watanitema kama kokwa la cheri. Alijua kabisa.

Upande wa pili huko Phnom Penh Lon Nol kapigwa kiharusi 1971, anasikiliza watabiri, kuna wakati mchanga uliobarikiwa ulimwagwa kuzunguka mji kwa helikopta ili adui asipite. Mji ulioundwa kwa watu laki kadhaa umejaa wakimbizi mpaka milioni mbili, mchele unaletwa kwa ndege za Marekani. Tarehe 1 Aprili 1975 akaondoka. Tarehe 12 Wamarekani wakafunga ubalozi kwa helikopta na balozi Dean akampelekea Sirik Matak mwaliko wa kuondoka nao. Jamaa akajibu kwa barua, kwa adabu sana, kwamba siwezi kuondoka kwa namna ya uoga hivi, kosa langu moja ni kuwaamini nyinyi Wamarekani. Akabaki. Ndani ya siku chache Khmer Rouge wakamuua. Huyo ndo aliyesababisha mapinduzi, simpendi, ila ile barua kila nikiisoma namheshimu.

Mtu wa Pwani

Ile barua ipo, inauma. Halafu Kissinger, waziri wao wa mambo ya nje, akaendelea kula bata mpaka miaka 100.

Nahodha Mstaafu

17 Aprili 1975 wakaingia. Ndani ya siku chache mji mzima ukatolewa watu, hospitali nazo, wagonjwa wakisukumwa na vitanda barabarani. Habari za mauaji mnazijua, sitazirudia zote, watu kama milioni 1.7 kati ya milioni karibu 8 walikufa kwa njaa, magonjwa, kazi na kuuawa, na shule moja ya sekondari ya Tuol Sleng ikageuzwa gereza la mateso linaitwa S-21, mkuu wake Duch ni mwalimu wa hesabu.

Mfalme yuko wapi? Walimrudisha mwishoni mwa 1975 kama mkuu wa nchi wa jina. Miezi michache akajiuzulu, wakamfungia ndani ya ikulu yake mwenyewe, mji mzima hauna watu, anasikiliza redio za nje. Watoto wake watano na wajukuu zaidi ya kumi waliuawa na jeshi aliloliitia watu. Yeye wakamwacha hai, China ilikua inamhitaji.

Na Januari 1979 Wavietnam wapo mlangoni, Khmer Rouge wakamtoa kabatini, wakampandisha ndege ya China aende UN New York akawatetee! Na akaenda. Akahutubia kulaani uvamizi wa Vietnam. Usiku akampenyezea ofisa usalama wa Marekani kikaratasi kwamba nataka kuwatoroka hawa niliokuja nao, wakamtorosha, akalazwa hospitali wiki kadhaa.

mama_ntilie_wa_zamani

Samahani kaka zangu nawaingilia. Phnom Penh imeangushwa tarehe 7 Januari 1979, na sisi tumeingia Kampala 11 Aprili 1979. Miezi mitatu tu. Yaani mwaka mmoja nchi mbili maskini zimevuka mpaka kumtoa muuaji jirani, wote wawili walichokozwa kwanza, Amin alituvamia Kagera na Pol Pot alikua anachinja vijiji vya Vietnam mpakani. Mbona sisi hatukuwekewa vikwazo? Baba yangu alikua vitani, siku zote anasema dunia ilitunyamazia.

Nahodha Mstaafu

Dada yangu umegusa penyewe, shikamoo yake mzee. Hata walimu wa sheria za kimataifa huwa wanazifundisha hizo kesi mbili pamoja. Mwalimu Nyerere alinung'unikiwa na baadhi ya marais pale OAU Monrovia ila serikali mpya ya Kampala ilikaa kwenye kiti chake UN bila mtu kuikatalia. Kamboja ikawa kinyume, mwaka huohuo 1979 UN ilipiga kura 71 kwa 35 kwamba kiti kibaki kwa Khmer Rouge! Tofauti ni kwamba nyuma ya Vietnam alisimama Msovieti, kwa hiyo China, Marekani na Thailand wote wakawa upande mmoja. Amin hakua na mkubwa yeyote wa kumlilia zaidi ya Gaddafi.

Na kiti hicho kikaanza kunuka, dunia inaona mafuvu kwenye magazeti. Dawa ikawa ni nini? Jina la mfalme tena. 1982 wakaunda serikali ya muungano uhamishoni, Sihanouk juu kama rais, Khmer Rouge chini na bunduki, kiti cha UN kikapata sura ya kibinadamu. Ndo maana nasema kila mtu alilitumia jina lake.

Sasa Hun Sen. Kijana wa kijijini, aliingia porini 1970 wakati wa ule mwito wa mfalme, mwenyewe amekua akisema hivyo maisha yake yote. Akawa kamanda wa Khmer Rouge, akapoteza jicho la kushoto Aprili 1975, mwaka 1977 Khmer Rouge wanauana wenyewe kwa wenyewe, akaona zamu yake inakuja akakimbilia Vietnam, akarudi na vifaru vya Wavietnam 1979 akiwa waziri wa mambo ya nje na miaka yake 26. 1985 waziri mkuu. Wavietnam waliondoka 1989, mkataba wa Paris ukasainiwa Oktoba 1991, na Novemba Sihanouk akarudi Phnom Penh, walinzi wake Wakorea Kaskazini, zawadi ya rafiki yake Kim Il Sung. Kwenye lile gari la wazi toka uwanja wa ndege nani kakaa naye? Hun Sen. Kashajua.

UN wakaleta watu kama 22,000 kusimamia uchaguzi wa Mei 1993, wananchi karibu asilimia 90 wakapiga kura pamoja na vitisho, na chama cha FUNCINPEC cha mwanae Sihanouk, Ranariddh, kikashinda viti 58 dhidi ya 51 vya Hun Sen. Watu hawakupigia sera, walipigia picha ya baba yake kwenye bango. Hun Sen akagoma, mikoa ya mashariki ikatishiwa kujitenga, na Sihanouk akaleta suluhu ya ajabu, mawaziri wakuu WAWILI. Septemba 1993 ufalme ukarudi rasmi, yeye akavikwa tena taji aliloliacha 1955. Katiba ikasema mfalme anakaa kitini ila hatawali.

Julai 1997 vifaru vikaingia mitaani, Ranariddh kashakimbia, makamanda wake kadhaa wakauawa. Ranariddh akapoteza uwaziri mkuu wake.

Kisu Butu

Na hapo mfalme alifanya nini?

Nahodha Mstaafu

Alilalamika kutoka Beijing. Ndo uwezo uliobaki. Angalia viti vya FUNCINPEC utaelewa, 58, halafu 43, halafu 26, halafu 2, mwaka 2013 sifuri. Mwaka 2017 mahakama ilipofuta chama kikuu cha upinzani CNRP kilichokua na viti 55, serikali ikaigawia FUNCINPEC viti 41 vya bure, ili bunge lionekane lina chama kingine, tena cha kifalme. Mwaka uliofuata Hun Sen akabeba vyote 125. Mwaka huohuo 2018 wakapitisha sheria ya kumfunga anayemtukana mfalme, na waliokamatwa ni watu wanaoikosoa serikali mitandaoni.

Mtu wa Pwani

Mimi bado namtetea mzee. Nchi ndogo katikati ya Vietnam, Thailand, China na Marekani, ulitaka afanyeje? Mpaka 1970 majirani wote wanaungua, Phnom Penh watu wanakunywa kahawa.

Nahodha Mstaafu

Hapo 1953 mpaka 1969 naweza kukubali nusu. Ila ile redio ya Beijing hapana mkuu. Kuna watu walienda kufa kwa sababu yake na yeye alijua anawapeleka kwa nani.

chai_ya_rangi

Mfalme wa sasa mbona hasikiki kabisa?

Nahodha Mstaafu

Sihamoni. Sihanouk aliachia tena 2004 kwa uzee na maradhi, akafariki Beijing Oktoba 2012, mazishi yalifurika watu mpaka Hun Sen mwenyewe alikua mbele kwenye kila picha. Huyu mtoto kasomea Prague, anaongea Kicheki, alikua mcheza na mwalimu wa bale Paris na mwakilishi UNESCO. Kazaliwa 1953, hajaoa, hana mtoto. Mpole sana, anasaini anachopewa.

Kisu Butu

Sasa akifariki nani anarithi?

Nahodha Mstaafu

Kamboja mfalme hamtaji mrithi wake. Anachaguliwa na baraza la watu tisa, awe wa ukoo wa wafalme wa zamani Ang Duong, Norodom au Sisowath na miaka isiyopungua 30, wana wa ukoo wa kifalme wenye sifa wapo wengi tu. Wajumbe ni waziri mkuu, maspika wa mabunge mawili na manaibu wao wanne, na viongozi wakuu wawili wa Kibudha. Waziri mkuu toka Agosti 2023 ni Hun Manet. Spika wa Seneti toka Aprili 2024 ni baba yake, Hun Sen, na Sihamoni akisafiri kwenda kucheki afya Beijing, Spika wa Seneti ndo anakaimu ukuu wa nchi.